Zakaria Bado Anasoma Barua Zetu

Nilienda kutazama ngono, nikanyimwa. Hiyo ndiyo stori yangu ya filamu ya Rafiki kwa ufupi, na siku hizi sioni haya kuisimulia.

Ilikuwa Septemba 2018. Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alikuwa amesimamisha marufuku ya filamu hiyo kwa siku saba tu, ili itimize masharti ya kuwania Oscar, na Nairobi ikaanza kukimbizana na kalenda. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nikakopa pesa ya tiketi kwa msichana tuliyekuwa naye hosteli, nikapanda matatu ya Ngong Road mpaka Prestige, nikapata laini imejikunja hadi nje. Watu walikuwa wanacheka kile kicheko cha mtu anayejua kwamba mamake akimwona hapo kutaitishwa kikao. Bodi ya Kuainisha Filamu ilikuwa imetupasha moto kwa miezi mitano. Kwani wewe ukiambiwa kitu kinahatarisha maadili ya taifa zima, unatarajia nini? Mimi nilitarajia makubwa.

Lakini wapi. Nilikaa pale gizani nikiwatazama Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja, wakinywa soda, wakikaa ndani ya gari bovu lililoachwa, wakishikana mikono kama watu walioazima kitu cha wenyewe. Wanabusiana. Kamera inatazama shingo, inatazama vidole, halafu inatazama kando. Ni hayo tu. Nimeona mazito kuliko hayo kwenye tamthilia za Mexico saa moja jioni, nikiwa darasa la sita, shosho akiwa pembeni ananiuliza huyo Alejandro amekosana na nani tena.

Kama filamu, ina kasoro zake. Wazazi wamechorwa kwa haraka, na yule mama wa umbea kibandani ni kama ametoroka kwenye kipindi cha vichekesho. Kitu kilichonifuata hadi nyumbani si busu, ni kipigo. Watu wa mtaa wanawavamia wale wasichana na kuwapiga, na hapo kamera haitazami kando. Sijawahi kusikia bodi ikilalamikia kipigo hicho.

Ilicholalamikia ni mwisho. Wanuri Kahiu, aliyeiongoza filamu hiyo, ameeleza hadharani kwamba alitakiwa aubadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Wasichana hawakuonyesha majuto. Hapo ndipo nilipokwama, na sijakwamuka mpaka leo. Mwisho wenyewe ni huu: miaka imepita, Kena anafanya kazi hospitalini, Ziki amerudi, mkono unamgusa mtu begani. Hakuna kitanda wala kifua wazi. Kama shida ya bodi ingekuwa mwili, mkasi ungetosha: kata hapa, funika pale, weka alama ya 18, twende kazi. Mkasi haukutosha kwa sababu kilichotakiwa ni wasichana wale walie.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia mtu anasema tusafishe intaneti, huwa nauliza swali moja la kihakiki: je, anasumbuliwa na kitendo au na hatima ya anayekitenda?

Nilikuja kusoma Rosa Mistika baada ya hapo, kwa simu, kwenye PDF iliyopigwa picha vibaya, kurasa nyingine zimeinama kama nyumba ya Huruma. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971 na ikazuiwa kutumiwa madarasani Tanzania kwa sababu ya ngono iliyomo. Ukiisoma leo utajiuliza ngono yenyewe iko wapi. Ipo, lakini ipo kama mvua ilivyo kwenye habari za mafuriko: unaona zaidi kilichoharibika.

Rosa ni binti wa kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Anaandikiwa barua na kijana anayeitwa Charles. Babake, Zakaria, mlevi ambaye kazi yake kubwa nyumbani ni kulinda usafi wa mabinti zake, anaipata barua na kumpiga Rosa vibaya sana. Barua ya mvulana kwa msichana, basi. Rosa anakua akijua jambo moja kuhusu wavulana, kwamba wanaleta kichapo. Anapofika shule ya bweni, mbali na jicho la baba, hana neno lolote la kumwambia mwanaume, si la kukubali wala la kukataa. Wanaume wenye vyeo wanampitia mmoja baada ya mwingine, mpaka mkuu wa chuo. Mwishowe anajiua.

Naona riwaya hii ndiyo uhakiki mkali zaidi wa udhibiti wa maandishi uliowahi kuandikwa kwa Kiswahili, na wenyewe waliodhibiti hawakugundua. Zakaria ni bodi ya mtu mmoja. Amesoma barua isiyo yake, ameona uchafu ambao haumo, ameadhibu aliyeandikiwa, kisha amerudi pombeni akiamini ameokoa nyumba. Kezilahabi anaandika kitabu kizima kuonyesha gharama ya jambo hilo, halafu kitabu chenyewe kinafanyiwa vilevile alivyofanya Zakaria kwa barua.

Hapa pia nina ugomvi na Kezilahabi, Mungu amrehemu. Anamlaumu baba lakini anamuua binti. Alikuwa na umri wa chini ya miaka 30 alipoichapisha, na nadhani hakuona njia nyingine ya kumwacha Rosa aishi na msomaji wa 1971 akakubali. Kifo kile ni kama stakabadhi. Unamwonyesha mlinzi getini: huyu ameshalipa, niruhusu nipite. Na kweli baadaye kitabu kikapita, kikawa cha shule za sekondari, Tanzania na hata huku kwetu. Rafiki, ambayo haikutoa stakabadhi, ilifungiwa tena siku saba zilipokwisha, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikasema marufuku ni halali. Kesi ikaendelea kwenye rufaa.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linaniuma zaidi ya kawaida.

Nina binamu, mtoto wa shangazi yangu, tumelala kitanda kimoja likizo zote za utotoni. Alikuwa na miaka 22 mpenzi wake wa zamani alipotoa picha zake kwenye grupu la WhatsApp la watu waliosoma nao. Picha alizompigia yeye, kwa hiari yake, wakipendana. Kutoka grupu hilo zikaenda jingine, kisha zikaingia kwenye mtandao mkubwa ambao wote mnautumia. Tulienda kituo cha polisi, sitasema kipi. Afande alikuwa mpole, hilo nakiri. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa: "Na wewe binti yangu, kwa nini ulipiga picha chafu?"

Sheria ya kumshika yule kijana ipo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, ya 2018: faini hadi shilingi 200,000, au jela hadi miaka 2, au vyote viwili. Nilikisoma usiku huo mara nne. Kinasema ni kosa kusambaza picha ya mtu mwingine iliyo ya faragha au chafu. Faragha au chafu, maneno mawili bega kwa bega, kana kwamba ni kitu kimoja. Neno nililolitafuta halimo: ridhaa. Kwa jinsi kifungu kilivyoandikwa, kosa liko kwenye aina ya picha, si kwenye kuvunjwa kwa ahadi ya aliye ndani yake. Kwa hiyo swali la afande halikutoka hewani. Lilitoka kwenye lugha. Alimwuliza binamu yangu kile ambacho sheria yenyewe inauliza: picha ni chafu kiasi gani?

Na Kiswahili chetu kinasaidia katika hili, tusijidanganye. Fungua gazeti lolote: mtoto akidhulumiwa kingono, tunaandika "amenajisiwa". Ametiwa najisi. Mhalifu ndiye aliyetenda lakini uchafu tumeuacha kwa mtoto, aende nao nyumbani. Video za watu wazima waliokubaliana ni "chafu", za mtu aliyeibiwa ni "chafu", filamu ya wasichana wawili wakinywa soda ni "chafu". Neno likishabeba mizigo yote hiyo, haliwezi tena kutofautisha mapenzi na ubakaji. Ukidhibiti kwa kutumia neno kama hilo, lazima utawakamata watu wasiohusika.

Mashine nazo zimefunzwa kwa lugha hiyohiyo. Baada ya miezi kadhaa, kwa ruhusa ya binamu yangu, niliandika kisa kifupi kuhusu msichana anayejifunza kuutazama mwili wake tena kwenye kioo baada ya watu wengi kuutazama bila kumwuliza. Nilitumia neno "ngono" mara mbili na "matiti" mara moja. Nikakiweka kwenye ukurasa wangu usiku. Asubuhi hakipo. Niliambiwa kimekiuka viwango vya jamii. Jamii gani, sikuambiwa. Nilikata rufaa kwa kubonyeza kitufe, nikajibiwa baada ya muda mfupi sana kwamba uamuzi haubadiliki, na sidhani kuna binadamu aliyewahi kufika kwenye aya ya pili. Wakati huohuo picha za binamu yangu, ambazo mimi, yeye na rafiki zake tuliziripoti mpaka vidole vikachoka, zilikaa hewani wiki tatu.

Kisa kiliondoka kwa usiku mmoja. Kilichomuumiza kilikaa wiki tatu.

Nikajifunza kuandika kama wenzangu. Ng0no, na sifuri katikati. Mat*ti. "Tendo." "Ile kitu." Kuna wakati nilisoma mashairi ya vijana mtandaoni nikadhani kibodi zao zimeingia maji. Inachekesha, halafu haichekeshi. Tulifundishwa tafsida shuleni kama mbinu ya adabu: unachagua neno laini kwa sababu unamjua msikilizaji na unamheshimu. Hii ya sasa tunaichagua kwa kuogopa msikilizaji tusiyemjua, asiyejua Kiswahili, na anayetuhukumu kwa herufi. Tena tusi lenyewe kwa Sheng linapita bila kuguswa kwa sababu mashine haijalisikia. Neno la kamusi, la daktari, la mwalimu wa bayolojia, ndilo linaloshikwa.

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa huwa ananicheka nikilia hivi. Anasema nyinyi wa bara mmelelewa na misheni mkadhani Kiswahili ni lugha ya haya. Kwao dadake alipoolewa alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemfunza kila kitu, bila nyota wala sifuri, kwa maneno ambayo Bodi ingehitaji kiti cha kukalia. Lakini kulikuwa na chumba, na mlango, na aliyejua nani anaingia. Nakubaliana naye, na ndiyo hoja ngumu zaidi dhidi yangu. Intaneti haina mlango. Maneno ya somo yakiwekwa pale yanamfikia bibi harusi na yanamfikia mtoto wa darasa la nne aliyeshika simu ya mamake akitafuta katuni.

Hilo silipuuzi. Nina mpwa wa miaka 9 anayenizidi kutumia simu. Na picha za watoto wakidhulumiwa si "maudhui", ni ushahidi wa uhalifu, na anayezihifadhi afungwe. Kifungu cha 24 cha sheria ileile kinashughulikia hilo na sijawahi kukutana na msanii anayekipinga. Lakini tazama linavyotumika jina la watoto. Mwaka 2021 Aden Duale, akiwa mbunge wa Garissa Mjini, alileta mswada wa kuharamisha ponografia yote, ya watu wazima pia, kwa faini ya hadi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 25. Miaka 25! Mwizi wa pesa za umma anatoka mapema kuliko hapo akagombee ugavana. Mswada huo haukufika mbali. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho mengine ya sheria ya 2018, na humo kamati ya serikali ikapewa uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungwe, ponografia ya watoto, ugaidi na imani potovu zikiwa kwenye kapu moja. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vipengele. Watu walilalamika kuhusu siasa, na ni haki yao, kila mtu alijua sheria hiyo ingeweza kumshukia nani baada ya maandamano ya Gen Z. Kuhusu upande wa ngono, kimya. Hakuna anayetaka kuonekana anatetea uchafu. Ndiyo maana mlango wa ngono huwa rahisi kupitia kwa anayetaka kuingia na mengine.

Lakini serikali sitaki kukaa nayo sana, inazungumzwa kila siku. Mimi ni mhakiki wa hadithi, na ninachokijua ni hadithi. Kwa miaka michache sasa nimekuwa nikisoma kazi za waandishi wachanga, za mashindano na za vikundi vya uandishi, nyingi za Kiswahili, kutoka Nairobi, Kisumu, Eldoret. Vipaji vipo, si mchezo. Kisha wapenzi wawili wanaingia chumbani na taa inazimwa. Aya inayofuata, msichana anatapika asubuhi. Au amepata virusi. Au ameachwa na anatazama daraja. Nimesoma mwisho huo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi taa ikizimwa tu namwonea huruma msichana. Niliwahi kumwuliza mwandishi mmoja, mwanadada mkali sana wa mazungumzo, kwa nini mhusika wake lazima afe. Akafikiria. Akasema, "Sasa si watasema ninahimiza?"

Nani watasema? Hakuna bodi inayosoma hadithi za mashindano ya chuo. Hakuna mashine iliyomzuia. Alikuwa amechapa kwenye karatasi. Alikuwa ameshaandaa stakabadhi kabla hajafika getini. Hilo kwangu ni kubwa kuliko ukurasa kuondolewa. Kisa kilichofutwa ninacho, nimekihifadhi mahali pengine. Mwisho ambao yule dada hakuufikiria hautakuwepo popote, na hatutajua tumekosa nini.

Sisemi kila hadithi iwe na ngono. Nyingi ya ngono inayoandikwa waziwazi mtandaoni ni mbovu, naisoma na kuhesabu vivumishi. Ninachoomba kama msomaji ni kidogo sana: mhusika afanye jambo chumbani, asubuhi aamke, apike chai, agombane na mtu kuhusu kodi ya nyumba. Kena alipewa hiyo asubuhi, na ndiyo iliyowaudhi.

Binamu yangu nilimtumia makala haya kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yamo yake. Nilikuwa nimemaliza kwa aya ndefu kuhusu jinsi hakulala kwa miezi, jinsi alivyobadilisha namba ya simu na jina la kwenye mitandao, jinsi shangazi alivyoacha kwenda chama. Yote ni kweli. Akanijibu kwa sauti ya dakika nne, kelele za stendi nyuma yake, kondakta anaita abiria wa Thika. "Dada, sasa hapo umeniua kabisa. Toa hiyo. Andika nilipasi mtihani wa kuendesha gari mara ya kwanza, wewe ulianguka mara mbili."

Tatu, kusema kweli.